Somo: Kuongoza mazungumzo ya pombe na dawa za kulevya katika kikundi

Wapendwa, msimamizi akizuia kila kitu, mwenye shida hunyamaza na kuendelea kunywa peke yake. Akiachia kila kitu, watu huanza kufundishana kulewa. Ninayemfikiria katika kila hatua hapa ni yule aliyeacha juzi, anayesikiliza bila kusema neno.

Hatua ya 1: Weka mpaka mapema. Mtu aeleze alichopitia, anachohofia na kilichomsaidia. Asieleze wapi dawa zinapatikana, dozi, namna ya kuchanganya, wala ujanja wa kudanganya kipimo cha mkojo. Mpaka huu usomwe kabla mtu hajakosea, ili akikatizwa asijione ameonewa.

Hatua ya 2: Sikiliza simulizi inakoelekea. "Nilikunywa mpaka nikapoteza kazi" inatosha. Msemaji akianza kueleza chupa ilivyokuwa baridi, sindano ilivyoandaliwa, mwili ulivyolegea, hamu inaweza kumwamkia msikilizaji palepale, hata kama ameacha siku nyingi. Mkatize kwa upole: "Ndugu, hapo tumekuelewa. Hebu tuambie, kesho yake ilikuwaje?" Swali hilo linashinda karipio, kwa sababu linamrudisha kwenye sehemu ya habari ambayo mlevi huiruka.

Hatua ya 3: Matusi hayana nafasi. "Teja" na mengine ya aina hiyo yakome mara moja.

Hatua ya 4: Zuia ushauri wa "acha leo leo". Hapa naomba msome taratibu, maana nia njema inaweza kuua. Kwa aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, ubongo umezoea kutulizwa na pombe. Ikikatwa ghafla, unachachamaa. Mikono hutetemeka na jasho humtoka ndani ya saa 6 hadi 24 hivi tangu kinywaji cha mwisho. Degedege huweza kumpata ndani ya siku 2 za mwanzo. Kuweweseka na kuona vitu visivyokuwepo mara nyingi huja kati ya siku ya 2 na ya 4. Vidonge vya usingizi vya jamii ya diazepam navyo havikatwi ghafla. Watu hawa waache pombe au vidonge hivyo wakiwa chini ya uangalizi wa daktari. Arosto ya heroini, yaani mateso ya mwili unapoikosa, ni kali mno, ila hatari kubwa zaidi huja baadaye: mwili umeshapoteza mazoea, mtu anarudia dozi ya zamani, pumzi inakata.

Hatua ya 5: Dharura inasimamisha mazungumzo. Mtu haamki, anakoroma kwa shida, pumzi zinapishana mbali, midomo imebadilika rangi: piga simu ya dharura. Kama anapumua, mlaze ubavu, na asiachwe peke yake. Mkishuku heroini na naloksoni (dawa ya kuzima nguvu ya heroini mwilini) ipo, apewe, kisha aende hospitali hata akizinduka, kwa kuwa nguvu ya naloksoni inaweza kuisha kabla ya ile ya heroini.

MASWALI YA WANACHAMA

Asante kwa somo, mwalimu. Mwenzetu akija amelewa, tumtoe?
Siku hiyo asizungumze, lakini asifukuzwe. Mmoja wenu akae naye pembeni, amnyang'anye funguo za gari kama anazo, ahakikishe amefika kwake salama.

Kuna dada anatumia methadoni. Wengine wanasema bado hajaacha. Tuseme nini?
Funga mjadala huo. Methadoni ni tiba ya uraibu wa heroini, na tangu 2005 imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu. Mkimshinikiza aiache, mnamsogeza karibu na heroini.

Mzee wetu mmoja husisitiza kwamba glasi moja kila jioni inalinda moyo.
Mjibu kwa heshima. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba hakuna kiwango cha pombe kisichokuwa na hatari kwa afya. Pombe husababisha saratani kadhaa, zikiwemo za koo, ini na matiti. Kisha mwombe asiirudie hoja hiyo mbele ya wanaojitahidi kuacha.

Mwalimu, aliyeteleza baada ya muda mrefu anaogopa kurudi kikundini. Nimwambie nini?
Mpigie wewe kwanza. Usiulize kwa nini. Uliza ametumia nini, lini, na sasa hivi yuko na nani. Akisema yuko peke yake, mfuate.