Kabla Hujailaumu Stata: Mambo ya Kuzingatia Lori la Zamani Linapogoma Kuwaka

Kabla hujashika spana yoyote, weka gia huru, vuta breki ya mkono na uyakingie magurudumu mawe, mbele na nyuma. Nalitanguliza hili kwa sababu lori lililogoma huwavuta watu uvunguni wakiwa na bisibisi mkononi, ili waiunganishe stata moja kwa moja, na injini ya dizeli iliyoachwa ndani ya gia ikiamua kuwaka wakati huo haimsubiri aliye chini atoke. Kama kichwa cha lori ni cha kuinuliwa, hakikisha fimbo yake ya usalama imejifunga kabla hujaingiza kichwa chako mwenyewe.

Yapo mambo ya aibu ambayo ni lazima uyapitie hata kama una miaka 20 kwenye usukani. Pima dizeli kwa kijiti kinachoingia tangini, usiuamini mshale wa dashibodi. Tazama oili. Tazama fyuzi zote, pamoja na ile kubwa iliyo karibu na betri. Ikiwa lori lako lina kebo ya kuzimia injini, hakikisha imerudi hadi mwisho, kwa maana ikinasa nusu ya njia pampu haitapeleka dizeli kwenye nozeli, nawe utazimaliza betri ukitafuta ugonjwa ambao haupo.

Baada ya hapo sikiliza, na uyatenganishe magonjwa mawili ambayo watu huyachanganya kila siku, yaani injini isiyozunguka kabisa na injini inayozunguka lakini isiwake. Ile isiyozunguka, ambayo stata yake hugonga mara moja na kunyamaza, au hujikokota kama mgonjwa, kwa kawaida ina tatizo la umeme. Mara chache injini yenyewe huwa imejifunga. Ile inayozunguka kwa kasi yake ya siku zote bila kuwaka ina tatizo la dizeli, hewa au mgandamizo (yaani pistoni kuibana hewa ndani ya silinda), na kuifungua stata yake ni kumtafutia fundi kazi. Katika hali zote mbili usiushikilie ufunguo kwa hasira. Sekunde 10 zinatosha, kisha iache stata ipoe kwa dakika 1 au 2, kwani ikipigwa mfululizo huungua, na hapo utakuwa na matatizo mawili badala ya moja.

Malori mengi ya aina hii hutumia volti 24, zinazopatikana kwa kuunganisha betri mbili za volti 12 kwa mfuatano, kwa hiyo pima kila betri peke yake. Betri nzima iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.6, inayosoma 12.0 imekaribia kuisha. Na ile inayoanguka chini ya 10 stata inapopigwa ama haina chaji ama imechoka, hata kama taa zinawaka vizuri. Taa hazithibitishi chochote, kwa sababu zinakula umeme kidogo, ilhali stata ya lori hula mamia ya ampia kwa mara moja. Betri moja ikiwa mbovu humdhoofisha mwenzake, na aghalabu tunajiletea wenyewe ubovu huo kwa kuchota umeme wa redio na wa kuchajia simu kutoka betri moja tu, kwa kuwa ndiyo yenye volti 12 zinazotakiwa. Safisha vichwa vya betri kwa msasa hadi ving'ae, kisha uvikaze.

Wengi huishia hapo, nami niliishia hapo, na ndiyo maana naandika.

Lori langu, la Kijapani, la tani 7, lilikuwa Ruaha Mbuyuni limepakia vitunguu vya kupeleka Dar es Salaam. Jioni liliwaka vizuri tulipolisogeza shambani. Alfajiri stata ikagonga mara moja, ikanyamaza. Tukasafisha vichwa vya betri, tukajaribu tena, ikazunguka nusu mzunguko na kukwama. Fundi wa pale akasema betri zimekufa, nami sikumwomba azipime. Nilituma fedha nikaletewa betri mbili mpya kwa basi, fedha ambayo nilikuwa nimeitenga kwa ajili ya ada ya shule. Tulipozifunga, lori likafanya vilevile. Fundi akasema basi ni stata. Ikashushwa, ikabadilishwa kaboni, ikarudishwa, na siku ya pili ikaisha tukiwa palepale, gunia za vitunguu zikitoka jasho chini ya turubai na mwenye mzigo akipiga simu kila saa.

Sasa kuna jambo ambalo kila nikilikumbuka huwa naona haya. Asubuhi ile ya kwanza kabisa, utingo wangu, kijana asiyezidi miaka 19, alikuwa ameegemea injini wakati dereva akipiga stata. Akarudisha mkono kwa haraka na kusema, "Bosi, waya wa mafuta umeniunguza." Alimaanisha kebo ya kukanyagia mafuta, ile inayotoka kwenye pedali kwenda kwenye pampu. Tukamwambia aache utoto ashike tochi. Kebo hiyo haina uhusiano wowote na umeme, tulijua sote, na kwa sababu tulijua, hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza ni kwa nini iwe ya moto kwenye injini iliyolala baridi usiku kucha.

Siku ya tatu dereva mmoja wa semi aliyesimama kununua vitunguu alikuja kutazama, kama madereva wafanyavyo. Utingo, ambaye hakuwa amesahau, akamweleza yeye habari ya kebo. Yule bwana hakucheka. Aliomba waya mnene wa kushtulia betri, akabana ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha akamwambia dereva wangu apige. Lori likawaka kabla stata haijamaliza mzunguko wa pili.

Maelezo yake yalikuwa mafupi. Injini imekaa juu ya raba, kwa hiyo haigusani na chesisi kwa chuma. Umeme ulioingia kwenye stata hurudi betri kwa kupitia waya wa ethi unaounganisha injini au gia boksi na chesisi. Wetu ulikuwa umefunguliwa miezi kadhaa kabla, gia boksi iliposhushwa kwa ajili ya klachi, na aliyeurudisha aliufunga juu ya rangi, kwa bolti isiyokazwa, kisha tope na oili vikaufunika. Ulipolegea kabisa, umeme ukatafuta njia nyingine ya kurudi, na njia iliyopatikana ilikuwa ile kebo nyembamba ya mafuta, ambayo haiwezi kubeba mzigo huo bila kuungua. Tulipouondoa ule waya wa kushtulia na kupima volti kwa mita, ncha moja kwenye injini na nyingine kwenye hasi ya betri huku stata ikipigwa, ilisoma zaidi ya volti 8 mahali ambapo haikupaswa kusoma hata nusu volti. Tulikwangua rangi, tukafunga waya upya, tukaondoka.

Kwa hiyo fanya kipimo hicho kabla ya kununua chochote. Ukikosa mita, tumia waya wa kushtulia kama yule bwana. Na lori likitoka gereji kwa kazi yoyote ya klachi au gia boksi, ingia mwenyewe uvunguni uutazame waya wa ethi umefungwa wapi.

Upande wa dizeli ni mwepesi zaidi. Injini ikizunguka vizuri, mpe mwenzako ufunguo nawe utazame eksozi. Pasipo moshi kabisa, dizeli haifiki. Moshi mweupe ukitoka, dizeli inafika lakini haiungui, basi angalia plagi za kupasha joto na mgandamizo. Lori linalowaka jioni na kugoma asubuhi baada ya kulala mara nyingi limeingiza hewa kwenye mpira uliopasuka kati ya tangi na pampu, na usitegemee kuona tone chini, kwa sababu upande huo unavuta, hausukumi. Hewa huingia bila dizeli kutoka. Mwaga maji yaliyo chini ya filta, legeza skrubu yake ya hewa, bonyeza pampu ya mkono hadi dizeli itoke bila mapovu, kisha uifunge ungali unabonyeza. Ukilazimika kulegeza nati za mabomba ya nozeli, weka vidole mbali: dizeli ya shinikizo kubwa hupenya ngozi, na kidonda chake ni cha kupelekwa hospitali siku hiyohiyo, hata kikionekana kidogo.

Usimwage petroli kwenye njia ya hewa ili "kuiamsha" injini, hasa yenye plagi za kupasha joto. Usiunganishe gari dogo la volti 12 na mfumo mzima wa volti 24. Unaposhtua kwa betri ya lori jingine, waya wa mwisho uufunge kwenye chuma cha injini, mbali na betri, kwa kuwa betri hutoa gesi inayolipuka kwa cheche. Injini ikishawaka usichomoe betri, utaiua altaneta. Ikiwa maji yameingia kwenye injini baada ya kuvuka mto, usipige stata hata mara moja. Usikubali kusukumwa au kuvutwa mteremkoni na lori lenye breki za upepo likiwa limezima, na hata likiwaka, usiliondoe hadi geji ya upepo ifike mahali pake.