SOMO: Namna ya kuchagua kisu cha kukunja cha kutembea nacho kila siku

Wakuu, habari za jioni. Ujumbe ninaoletewa ni uleule: "Ninunue kisu gani cha mfukoni?" Na wengi huongeza: "Kiwe cha kujilindia pia." Naandika mara moja, kwa kirefu, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa. Picha sitaweka, maana watu hununua visu kwa macho na hapo ndipo wanapopotea.

Hatua ya 1: Jua unakata nini

Kumbuka ulichokata wiki iliyopita: kamba ya mzigo, boksi, embe, kiroba cha saruji, ganda la waya. Kisu chako ni cha kazi hizo. Kama hukukata chochote, bado hukihitaji.

Sasa suala la kujilinda. Kisu cha kukunja ni silaha mbovu ya kujilindia, na nasema hivyo kwa sababu nataka mrudi nyumbani salama. Kibaka huja kwa nyuma na kabali. Mpaka utie mkono mfukoni, utoe, ufungue, yeye ameshamaliza. Mpini wa kisu hiki kwa kawaida hauna kikingio, kwa hiyo mkono uliolowa jasho ukisukuma kwa nguvu huteleza mbele na kushika makali. Halafu kuna mtaa. Ikipigwa yowe ya mwizi, watu wakatoka na kukukuta umeshika kisu chenye damu na mwenzako yuko chini, hakuna atakayeuliza nani alianza. Ukinusurika na hao, mbele ya hakimu utaulizwa kama nguvu uliyotumia ililingana na hatari uliyokuwa nayo. Roho ya mtu na simu havilingani. Anayetaka simu mpe. Beba tochi yenye mwanga mkali, beba filimbi, badilisha njia, kimbia.

Hatua ya 2: Urefu

Ubapa wa sentimita 6 hadi 9. Basi.

Hatua ya 3: Chuma

Kuna chuma cha pua, yaani "stainless", na kuna chuma cha kaboni. Cha kaboni hunoleka upesi na hushika makali vizuri, lakini huliwa na kutu. Tanga, Mombasa au Unguja ukikilaza na unyevu, asubuhi kina madoa. Cha pua huvumilia zaidi, ingawa nacho hakipendi chumvi. Kwa mtu wa pwani, mvuvi, au mtu mvivu wa kufuta, nasema chukua cha pua. Ukiona kisu kimeandikwa tu "stainless" bila jina la aliyekitengeneza, kiache.

Unene nao una maana. Ubapa mnene kama patasi unapasua embe badala ya kulikata. Kisu cha Opinel cha Ufaransa, kile cha mpini wa mti, namba 8, kina ubapa wa sentimita 8.5 na unene usiofika milimita 2, na hukata kuliko visu vingi vya "kikomando" vyenye meno na rangi nyeusi.

Hatua ya 4: Loki. Soma hapa mara mbili

Loki ni kile kinachouzuia ubapa usijikunje ukiwa unakata. Hatua hii niliwahi kuidharau na kovu lake liko kwenye kidole cha shahada. Kisu kilijifunga nikiwa nasukuma ncha kwenye plastiki ngumu.

Kuna aina hizi. Ya kwanza haina loki kabisa: springi ya mgongoni inakaza ubapa tu, kama visu vidogo vya Victorinox vya Uswisi. Vinafaa sana, mradi usichome navyo wala kusukuma kwa mgongo wa ubapa. Ya pili ni loki ya mgongoni, unabonyeza nyuma ya mpini ili kukunja. Ya tatu ni kibati chembamba ndani ya mpini kinachoruka na kukaa nyuma ya kitako cha ubapa. Ya nne ni pete ya kuzungusha, ambayo Opinel waliianza mwaka 1955. Ya tano ni ile ya meno inayolia kra-kra-kra, yenye kipete cha kuvuta mgongoni: Okapi. Wazee wengi wanakijua. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yake ya Afrika, na siku hizi kinatoka Afrika Kusini. (Okapi mwenyewe, yule mnyama, yuko misitu ya Kongo tu.)

Inayodanganya watu ni ya kibati. Kwenye kisu cha bei ya kutupa, kibati kinagusa ukingo wa kitako tu, na ukikisukuma kidogo kinachomoka. Fanya hivi dukani:

Fungua kisu mpaka kilie. Tazama ndani ya mpini: kibati kimeingia nyuma ya kitako sawasawa, au kimeng'ang'ania pembeni? Kisha shika mpini kwa ubavuni, vidole vyote vikiwa nje ya njia ambayo ubapa ungejikunjia, na ukandamize mgongo wa ubapa juu ya meza ya mbao. Kandamiza taratibu, usigonge. Kikilegea hata kidogo, mrudishie muuzaji. Akikasirika, akasirike.

Angalizo: loki nzuri nayo hushindwa ikijaa mchanga au vumbi la mfukoni. Isafishe. Na hata ikiwa safi, usiiamini kama unavyouamini mpini wa kisu cha jikoni.

Hatua ya 5: Mpini

Ujaze kiganja, usiteleze ukilowa.

Hatua ya 6: Ukague

Tikisa ubapa kulia na kushoto, haupaswi kucheza. Ukiufunga, ncha izame yote ndani ya mpini.

Hatua ya 7: Kukibeba

Mfukoni au kwenye begi, kimefungwa. Kwenye bodaboda mfuko wa suruali hutema vitu, kwa hiyo weka penye zipu. Uwanja wa ndege kitie kwenye begi la kupakiwa chini, kamwe si la mkononi. Uwanja wa mpira, benki na mahakamani kiache nyumbani.

Maswali karibuni.

---

Mwanachama, Mbagala: Mkuu somo zuri ila sijaona umesema kipi kizuri cha kujilinda usiku. Nijibu haraka niko dukani.

Mleta somo: Hatua ya 1, aya ya pili.

Mwanachama, Mbagala: Nimesoma. Ila kati ya chenye springi ya kujifyatua na cha kawaida?

Mleta somo: Hujasoma. Toka dukani, nunua tochi.

Mwanachama, Arusha: Acha kutisha watu. Mimi natembea na kisu mwaka wa kumi na hakuna lolote.

Mleta somo: Kama hakuna lolote, basi hakijawahi kukulinda. Nami natembea nacho kila siku, kwa kukatia. Nilichokataa ni kumwambia kijana wa watu kwamba kitamwokoa.

Fundi umeme, Tabata: Kaka, mimi natumia mkono wa kushoto. Loki ya kibati inanisumbua kufunga, kidole hakifiki vizuri. Ni mimi au kisu?

Mleta somo: Ni kisu, ndugu yangu, na umeuliza jambo ambalo nilipaswa kuliandika. Vibati vingi vimepangwa kwa kidole gumba cha mkono wa kulia. Wewe chukua loki ya mgongoni, haina kulia wala kushoto. Na kwa kazi yako usimenye waya wenye umeme kwa kisu chochote, hata mpini ukiwa wa plastiki. Pini na vibati vya ndani ni chuma.

Mama lishe, Pangani: Mwanangu, changu ni cha kaboni na kimeanza kuwa cheusi-cheusi. Nikitupe?

Mleta somo: Shikamoo mama. Usikitupe. Ule weusi wa kijivu usiochubuka unasaidia kuzuia kutu. Wengine huuleta kusudi kwa kupaka siki. Kutu ni ile nyekundu inayobaki kidoleni ukigusa. Hiyo isugue kwa sifongo ya chuma laini, osha, kausha, paka mafuta ya nazi kidogo sana. Mafuta ya alizeti usiyapake, hugandia kwenye maungio.

Mama lishe, Pangani: Marahaba. Na kuchinjia kuku kinafaa?

Mleta somo: Kikiwa kikali, kinakata. Ila damu huingia ndani ya mpini na kuoza, kwa hiyo kioshe kikiwa wazi, kikauke kabisa ndipo ukikunje. Kwa kuchinja mara kwa mara tafuta kisu kisichokunjika.

Mwanachama, Leicester: Wakuu, huku Uingereza vipi? Nataka cha kufungulia maboksi ghala ninakofanyia kazi.

Mleta somo: Huko kwenu kuwa makini. Kisu cha kukunja kisicho na loki, chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani kama sentimita 7.6, unaruhusiwa kutembea nacho. Kikiwa na loki lazima uwe na sababu halali, na "najilinda" si sababu inayokubalika huko. Cha kujifyatua usikiguse kabisa. Mwombe mwajiri kisu cha kazi, kibaki ghalani.

Mwanachama, Mwanza: Bei?

Mleta somo: Uliza duka la mtaani kwako.

Mwanafunzi, Dodoma: Nimenunua ila hakikati hata karatasi. Jiwe sina. Kuna njia?

Mleta somo: Ipo. Geuza kikombe cha udongo kichwa chini. Ule mduara wa kitako usiong'aa hunoa. Laza ubapa kwa nyuzi 15 hadi 20, upitishe ukitangulizwa na makali, kulia na kushoto kwa zamu, bila kukandamiza. Lowesha kwa maji kidogo, na kiganja kinachoshika kikombe kikae chini ya usawa wa makali.

Fundi umeme, Tabata: Nimejaribu hiyo ya kikombe sasa hivi. Kimenyoa nywele za mkono.

Mleta somo: Safi. Sasa tia tone la mafuta ya cherehani kwenye pini, ufungue na kufunga mara kadhaa, ufute yanayovuja kabla hujakatia chakula.