Salio Linapokatwa Bila Maelezo: Namna ya Kufuatilia Haki Yako kwa Kampuni ya Simu

Mteja wa simu huweza kuibeba hasara kwa muda mrefu bila kushtuka, kwa sababu humjia kidogo kidogo. Anaongeza salio jioni, analala bila kumpigia mtu yeyote, na asubuhi anakuta limepungua kwa kiasi ambacho hakimtoi kitandani kwenda kulalamika. Mimi niliivumilia hali hiyo kwa karibu miezi mitatu, nikapiga simu huduma kwa wateja mara mbili kwa sauti ya juu na kuambulia samahani mbili. Kilichonisaidia hatimaye ni daftari. Kampuni huhifadhi kumbukumbu za kila simu, kila ujumbe na kila makato kwa saa na dakika, na mteja anayekwenda kudai bila kumbukumbu zake mwenyewe anaibishania hesabu ambayo hakuiona. Maelezo yanayofuata ni njia niliyoipita, pamoja na mambo ambayo ningeyatanguliza kama ningeanza upya.

Anza kwa kutafuta salio linakwenda wapi, kabla ya kumtuhumu mtu. Mara nyingi kinacholila ni data. Kwa kampuni nyingi, kifurushi kikiisha usiku wa manane simu haikati mawasiliano, bali huendelea kuvuta data kwa bei ya kawaida kutoka kwenye salio kuu, huku programu zikijisasisha na picha zikipakiwa bila mwenye simu kujua. Hata anayetumia Wi-Fi nyumbani hajasalimika: simu za iPhone, tangu mfumo wa iOS 9 wa mwaka 2015, zina kipengele kinachoitwa Wi-Fi Assist ambacho huhamia kwenye data ya laini pale Wi-Fi inapokuwa dhaifu. Video nayo huchukua zaidi ya vile watu wanavyokadiria, kwani saa 1 ya picha za ubora wa juu inaweza kufikia takriban GB 3. Fungua mipangilio ya simu, tazama kila programu imetumia kiasi gani, na urudishe hesabu hiyo kwenye sifuri siku unayonunua kifurushi, ili hesabu yako na ya kampuni zianzie mahali pamoja.

Jaribio linalomaliza ubishi ni rahisi. Kabla ya kulala angalia salio, piga picha ya skrini inayoonyesha saa, kisha zima data ya simu kabisa. Ukiamka, kabla ya kuiwasha, angalia salio tena na upige picha ya pili. Fanya hivyo kwa siku tatu au nne mfululizo. Kama salio limebaki lilivyokuwa, tatizo liko kwenye data na dawa yake iko kwenye mipangilio yako. Kama limepungua ilhali data ilikuwa imezimwa na hukupiga simu wala kutuma ujumbe, sababu ni nyingine. Na kama limepungua kwa kiasi kile kile kila usiku, kama lilivyopungua langu, basi karibu hakika umeunganishwa na huduma ya kulipia kwa siku.

Huduma hizo ni zile za nyimbo za miito, habari za michezo, nyota, bahati nasibu na mafunzo ya kila namna yanayotumwa kwa ujumbe mfupi. Nilipopekua jumbe zangu, nilikuta chini kabisa ya rundo la matangazo ujumbe mmoja kutoka namba fupi ya tarakimu tano: "Hongera! Umejiunga." Ulikuwa umeingia saa 2:14 usiku. Nilikumbuka basi kisanduku kilichojitokeza juu ya skrini nilipokuwa natafuta namba ya ndugu yangu, chenye maneno machache na kitufe cha "Sawa", ambacho nilikibonyeza ili kiniondokee. Kwa kampuni, huko kulikuwa kuridhia. Mimi sikubali, na ninaamini mteja yeyote ana haki ya kutokubali, kwamba mtu aliyekuwa anafanya jambo lingine kwenye simu yake amefunga mkataba wa kukatwa fedha kila siku kwa kugusa kitufe ambacho bei haikuandikwa juu yake.

Ukiupata ujumbe wa aina hiyo, usiufute kwa hasira. Piga picha yake ikionekana namba iliyoutuma, tarehe na saa. Baada ya hapo ndipo ujitoe kwa kutuma neno lililoelekezwa au kwa kupitia orodha ya huduma ulizojiunga nazo kwenye menyu ya kampuni, na ujumbe wa kuthibitisha kujitoa nao uuhifadhi. Mpangilio huu una maana kubwa: anayejitoa kwanza na kufuta kila kitu anabaki na madai ya mdomo tu.

Daftari halihitaji ufundi. Mstari wangu mmoja ulisomeka hivi: "Jumanne, saa 12:05 asubuhi. Data imezimwa tangu saa 4 usiku. Hakuna simu wala ujumbe uliotoka. Salio limepungua kwa kiasi kile kile cha jana. Picha mbili zipo." Mistari saba ya namna hiyo ilitosha.

Unapopiga simu huduma kwa wateja, kumbuka kwamba anayepokea hakukukata chochote, na huenda wewe ni mtu wa hamsini kumsikiliza siku hiyo. Msalimie, jitambulishe, kisha sema ombi lako kwa pumzi moja: "Kaka, naomba uniangalizie huduma zote za kulipia zilizounganishwa na laini hii, tarehe niliyounganishwa na kila moja, na namna nilivyoridhia." Swali la mwisho ndilo zito, maana linaihamishia kampuni wajibu wa kuthibitisha. Akijibu kwamba ameiondoa huduma, mshukuru, lakini usikate simu. Mwambie pia unadai kurudishiwa makato yaliyopita, na umwombe namba ya malalamiko. Katika simu zangu mbili za mwanzo sikuiomba, nikaridhika na "tunalishughulikia"; nilipopiga mara ya tatu, mhudumu mwingine aliniambia kwa upole kwamba haoni kokote kuwa niliwahi kulalamika. Kwa kampuni, malalamiko yangu ya miezi mitatu yalianza kuhesabiwa siku hiyo. Basi andika namba ya malalamiko, jina ambalo mhudumu amejitambulisha nalo, saa, na siku aliyokuahidi jibu.

Jibu lisipokuja, andika barua pepe au peleka barua ofisini kwao na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Iwe fupi. Yangu ilikuwa na sentensi nne: namba ya laini na namba ya malalamiko, kilichotokea na tangu lini, kwamba sikuridhia huduma hiyo na ninaomba kuonyeshwa uthibitisho kama upo, na kwamba ninaomba makato yote yarudishwe ndani ya siku 14, la sivyo nitayapeleka malalamiko kwa mamlaka inayosimamia mawasiliano. Mamlaka hizo kwa kawaida hutaka mteja awe ameanza na kampuni yenyewe, na hapo ndipo namba ya malalamiko na barua yako vinapoonyesha kwamba ulianza.

Wengine huona njia ya mkato ni kulalamika hadharani kwenye mitandao ya kijamii. Kampuni hujibu upesi huko, nakiri, lakini matapeli nao husoma. Mtu akikuandikia faragha akijifanya huduma kwa wateja na kukuomba namba ya siri au tarakimu zilizoingia kwenye simu yako kwa ujumbe, usimpe, kwa kuwa kwa tarakimu hizo anaweza kuichukua akaunti yako au hata laini yenyewe. Mhudumu wa kweli hahitaji namba yako ya siri ili kuona makato yako.

Kuhama mtandao na namba ile ile, utaratibu ulioanza Singapore mwaka 1997 na ambao sasa upo katika nchi nyingi, ni haki nzuri, ila usiitumie kabla madai hayajaisha. Salio lililobaki kwa kawaida halihami nawe, na kuidai kampuni ambayo si yako tena ni kazi ngumu zaidi.

Mimi nilijibiwa siku ya 11. Ujumbe ulisema makato ya siku 60 yamerudishwa, na ya kabla ya hapo hayapo kwenye kumbukumbu zao. Nilikuwa na picha za siku mbili tu za kipindi hicho cha awali. Nilizituma, nikarudishiwa hizo mbili. Usiku ule nilizima data, nikapiga picha ya salio, na saa 12 asubuhi nililikuta kama nilivyoliacha. Niliendelea kuliangalia hivyo kwa wiki mbili, kwa sababu huduma iliyoondolewa huweza kujirudisha pale salio linapoongezwa, na ni vizuri kuikamata siku ya kwanza.