Jinsi ya kuombea hati shamba la kijijini Java, kwa aliyeoa au kuolewa Indonesia

Mwongozo huu ni wa Mswahili mwenye mume au mke wa Kiindonesia, ambaye ukweni kwake, kijijini Java, kuna ardhi isiyo na hati. Mara nyingi ni majaruba ya mpunga na kiwanja cha nyumba, na vyote bado vinasoma jina la babu. Mnataka kuhamia, mjenge, mlime. Kabla ya kununua hata tofali moja, shughulikieni hati.

Sheria iko wazi tangu 1960. Sheria Na. 5 ya mwaka huo, ambayo ndiyo msingi wa mambo yote ya ardhi Indonesia, inasema umiliki kamili, yaani Hak Milik, ni wa raia peke yake. Ipo haki ya kutumia, Hak Pakai, ambayo mgeni mkaazi anaweza kuipata, lakini kwa nyumba za wageni serikali imeweka bei ya chini kwa kila mkoa, na nyumba ya kawaida ya kijijini haifikii bei hiyo hata kidogo. Kwa hiyo hati itaandikwa jina la mwenzi wako. Likubali hilo mapema. Utaambiwa kuna njia ya mkato: nunua kwa jina la rafiki, muandikishane karatasi pembeni kwamba mali ni yako. Usithubutu. Kifungu cha 26 cha sheria hiyo kinasema uhamisho wa namna hiyo kwa mgeni ni batili, ardhi inaangukia serikalini, na fedha uliyolipa huwezi kuidai.

Kwanza, mkataba wa ndoa

Ndoa iliyofungwa nje ya Indonesia inatakiwa isajiliwe huko ndani ya mwaka mmoja tangu mrudi. Mkishasajili, nendeni kwa mthibitishaji, anayeitwa notaris, muandike mkataba wa kutenganisha mali. Sababu ni hii: Sheria ya Ndoa ya 1974 inahesabu kila kilichochumwa ndani ya ndoa kuwa mali ya wote wawili. Ukiwa mgeni, nusu yako inaingia kwenye ardhi ambayo hustahili kuimiliki, na mwenzi wako anakwama kununua shamba kwa jina lake. Zamani mkataba ulipaswa kuandikwa kabla ya ndoa. Mahakama ya Katiba, katika uamuzi uliosomwa Oktoba 2016, iliruhusu uandikwe hata mkiwa tayari kwenye ndoa. Ukishaandikwa, usajiliwe KUA, ofisi ya dini inayosajili ndoa, kwa Waislamu, au ofisi ya usajili wa raia kwa wengine.

Ardhi ya urithi ina nafuu, kwa kuwa Sheria hiyohiyo ya Ndoa inaiacha mikononi mwa aliyerithi. Hata hivyo fanyeni mkataba. Leo ni shamba la urithi, kesho jirani anauza jaruba la pembeni na mnalitaka.

Anzieni kwa Pak Carik

Wengi hukimbilia mjini, ofisi ya ardhi ya wilaya, kisha wanarudishwa kijijini. Okoeni nauli. Habari za ardhi isiyo na hati zipo kantor desa, ofisi ya kijiji, kwenye daftari linaloitwa letter C, na mtunzaji wake ni katibu wa kijiji, ambaye watu wa Java humwita Pak Carik. Muombeni kwa adabu alifungue mbele yenu. Mtaona jina la mwenye ardhi, namba, daraja la ardhi (S ni shamba la mpunga, D ni ardhi kavu), ukubwa, na safu ya mabadiliko: lini iligawanywa, nani alirithi, nani aliuziwa. Someni safu hiyo mstari kwa mstari. Ugomvi mwingi wa familia umejificha humo, kwa mfano robo ya shamba aliyouziwa mjomba miaka mingi iliyopita na hakuna aliyekumbuka kuwaambia watoto.

Hakikisheni pia kwamba kipande hicho si tanah bengkok, ardhi ya kijiji ambayo viongozi hulima kama sehemu ya ujira wao. Hiyo haiuzwi wala haipewi hati ya mtu binafsi, hata kama kiongozi mwenyewe ndiye anayekuonyesha mipaka.

Karatasi za zamani mkononi mwa familia, girik au petok D, zilikuwa kumbukumbu za kodi. Kanuni ya serikali Na. 18 ya 2021 ilitoa miaka mitano ya kuzisajili. Muda huo umeisha Februari 2026, na sasa hazihesabiki tena kuwa ushahidi wa haki. Zinabaki kuwa dalili tu. Msizitupe, lakini uzito umehamia kwenye ushahidi wa nani amekuwa akiitumia ardhi hiyo. Ndiyo maana hapo kijijini mtachukua karatasi tatu: historia ya ardhi, uthibitisho kwamba haina mgogoro, na tamko la matumizi linalosainiwa na mashahidi.

Warithi wote, hata walio mbali

Hapa ndipo maombi mengi yanapolala. Kama ardhi ni ya babu, kila mrithi lazima atajwe kwenye surat keterangan waris, barua ya warithi inayosainiwa na wote mbele ya mashahidi wawili, kisha mkuu wa kijiji na camat, yaani mkuu wa tarafa. Familia ya Java imetawanyika: kaka alihamia Sumatra kwenye mpango wa uhamisho wa serikali, dada anafanya kazi za ndani Hong Kong, mwingine yuko mashamba ya michikichi Malaysia. Aliye nje ya nchi atoe idhini kupitia ubalozi mdogo wa Indonesia. Msimruke mtu kwa kuwa yuko mbali au hana neno. Saini moja iliyokosekana inatosha kuibua pingamizi, na mtakuwa mmeshajenga.

Kaeni pamoja muelewane nani anachukua kipi, muandike, kila mmoja asaini. Kwa mgeni nashauri unyamaze kwenye kikao hicho. Mimina chai, sikiliza, acha mwenzi wako aongee na ndugu zake.

Vigingi

Siku ya kuweka mipaka, waiteni majirani wa pande zote pamoja na mwenyekiti wa RT, ambaye kazi yake inafanana na ya balozi wa nyumba kumi kwetu. Kigingi, patok, huwa cha zege au bomba la chuma, na kinazamishwa kwenye kila kona. Kwenye majaruba kazi inataka uvumilivu, kwa sababu kuta za tope husogea kila msimu zinapochongwa upya kwa jembe, na kona ya mwaka jana huenda leo iko ndani ya mpunga wa jirani. Jirani asimame palepale, akubali kwa macho yake, kisha asaini. Piga picha ya kila kigingi kikiwa na watu waliokizunguka.

Ofisi ya ardhi

Ulizeni kwanza kijijini kama kijiji chenu kimo kwenye PTSL, mpango wa kupima vijiji vizima ulioanza 2017. Kikiwemo, serikali inalipia upimaji, na mchango wa maandalizi kwa Java na Bali uliwekewa ukomo wa rupia 150,000. Ukidaiwa zaidi, omba uonyeshwe makubaliano ya kijiji kwa maandishi.

Kama hakimo, mwombaji anakwenda mwenyewe Kantor Pertanahan na kitambulisho (KTP), kadi ya familia (KK), karatasi zote za kijijini, hati ya kodi ya ardhi ya mwaka huo (SPPT PBB) na uthibitisho wa kodi ya kupata mali, BPHTB. Kodi hiyo haizidi asilimia 5 ya thamani inayobaki baada ya kuondoa kiasi cha msamaha, na kwa urithi kati ya mzazi na mtoto, au mume na mke, msamaha huo hauwi chini ya rupia milioni 300, hivyo mashamba madogo mengi hayalipi kitu. Ada lipeni benki kwa karatasi ya malipo ya ofisi, kamwe si mkononi.

Wapimaji watakuja. Baadaye matokeo yanabandikwa ofisini na kijijini kwa siku 30 (siku 14 kwa PTSL). Asipojitokeza wa kupinga, hati inatolewa, siku hizi nyingi kwa njia ya kielektroniki. Hati ikifikisha miaka mitano bila pingamizi la maandishi, na ardhi iko mikononi mwenu kwa nia njema, mtu mwingine hawezi tena kuidai.

Mkishaipata

Jaruba lina masharti yake. Mwenye shamba la kilimo anatakiwa aishi tarafa hiyohiyo au ya jirani, kwa hiyo mpango wa kukaa Jakarta na kumiliki mpunga kijijini unagongana na sheria. Kama shamba limo kwenye eneo la mpunga linalolindwa na sheria ya 2009, msijenge humo. Nyumba iwe kwenye kiwanja.

Wasio na nguvu za kulima humpa mtu kwa maro, nusu kwa nusu ya mavuno, na kijiji kizima kinaujua utaratibu huo. Kama zamani shamba liliwekwa rehani, kumbukeni sheria Na. 56 ya 1960: baada ya miaka saba mpokeaji analirudisha bila kulipwa fidia, mazao yaliyopo yakishavunwa.

Jambo la mwisho ni zito, na mliongee mkiwa wazima. Mwenzi wako akitangulia, wewe mgeni unayerithi una mwaka mmoja tu wa kuihamisha haki hiyo kwa raia, ama sivyo inafutika na ardhi inakuwa ya serikali. Mtoto mwenye uraia wa nchi mbili naye hawezi kushika Hak Milik kwa muda wote ambao bado anao uraia wa nje. Ndani ya mwaka huo nendeni kwa PPAT, mwandishi wa hati za ardhi, mkiwa na cheti cha kifo na barua ya warithi.