Azimio la madiwani dhidi ya ukatili wa kimapenzi kwa vijana

Marekani, Seneti ilitenga Februari nzima ya mwaka 2010 kwa suala la ukatili kati ya vijana walio kwenye mapenzi. Azimio la namna hiyo halimpeleki mtu jela. Linawapa walimu, wazazi na redio sababu ya kulisema jambo waziwazi. Kwenye halmashauri kama Masasi au Nachingwea, kusini mwa Tanzania, inawezekana pia.

Anzeni kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata: diwani ndiye mwenyekiti, mtendaji wa kata ni katibu. Andiko la azimio liwe ukurasa mmoja, bila ombi la fedha, lisije likakwamia Kamati ya Fedha. Kisha linakwenda Baraza la Madiwani, ambalo kikao chake cha kawaida hukaa kila robo mwaka. Mkikosa ajenda, mnasubiri miezi mitatu. Wiki ya maadhimisho mtakayoitaja kwenye azimio isiwe Oktoba wala Novemba, watu wako kwenye korosho na minada.

Tajeni vitendo vyenyewe: kumpekulia mpenzi simu, kumkataza marafiki, makofi, kutishia kusambaza picha. Mkiandika “maadili yameporomoka” tu, atakayelaumiwa ni binti. Na mtu mzima anayelala na binti wa chini ya miaka 18 asiitwe “mpenzi”. Hiyo ni jinai. Chini wekeni namba 116, simu ya msaada kwa watoto, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi.

Nakala zibandikwe ofisi za vijiji, na makungwi wapate zao kabla ya msimu wa unyago.