SOMO: Wienerbrød za jemu (spandauer) kwenye eafraya, hatua kwa hatua. Inboksi nimefunga

Haya jamani naandika mara moja tu, kuanzia leo atakayeniuliza namtuma huku. Toka niweke zile picha kila nikifungua simu ni "kaka vipimo", "kaka mbona zangu zimefunguka", watu kumi swali moja na kila mmoja anataka voisi noti yake.

Niko Odense, Denmark, chumba nilichopanga kina jiko la plate mbili na hakina oveni, kwaio eafraya sio ufundi ni shida tu. Spandauer ni ile wienerbrød ya mraba, kona nne zimekunjwa zikakutana katikati, juu jemu au kastadi, alafu aisingi nyeupe inazungushiwa. Wienerbrød maana yake mkate wa Vienna, sababu mwaka 1850 waokaji wa huku waligoma, wenye bekari wakaleta mafundi kutoka Austria, hao mafundi wakaja na unga wao wa kukunja na siagi, mgomo ukaisha unga ukabaki. Na ukienda Vienna wao wanaiita ya Copenhagen, kila mtu anamsukumia mwenzake. Hii spandauer wenyewe huku wanaitania "bagerens dårlige øje", yani jicho bovu la mwokaji, ukiona ule wekundu wa katikati utaelewa, siendelei kuna watu wanakula.

VIPIMO (zinatoka 12)
Unga wa ngano gramu 250, maziwa BARIDI mililita 110, yai 1, sukari gramu 25, hamira gramu 7, chumvi nusu kijiko cha chai, iliki ya kusaga nusu kijiko cha chai (iliki usiiruke, ndio harufu yenyewe).
Siagi ya kukunjia gramu 175. Siagi ya maziwa. Sio majarini.
Remonce, yani ule ute wa ndani: siagi laini gramu 40, sukari 40, lozi za kusaga 40, koroga basi.
Jemu ya raspberi gramu 150 hivi, yai 1 la kupaka.

1. Changanya vya unga vyote, kanda dakika 5. Sio mandazi, usikande mpaka jasho. Friji nusu saa.

2. Siagi itoe ikiwa baridi, iweke kati ya karatasi mbili za kuokea, igonge na kifimbo cha chapati mpaka iwe mraba wa sentimita 15. Ikunjike bila kukatika, ila isianze kung'aa.

3. Unga sukuma mraba wa sentimita 22, siagi ilaze juu kimshazari, kona za unga zirudishe juu yake kama bahasha, bana maungio.

4. Sukuma mstatili mrefu, urefu mara tatu ya upana, kunja tatu kama barua, friji dakika 30. Hiyo ni mara moja. Fanya mara 3. Tatu mara tatu mara tatu ni tabaka 27. Mliozoea kusukuma chapati za tabaka mtaona ni undugu uleule, ila kwenye chapati mafuta yameyeyuka na hapa siagi inatakiwa ibaki ngumu mpaka inaingia kwenye moto, maji yaliyomo kwenye siagi ndio yanageuka mvuke yanatenganisha tabaka. Ikiyeyuka mezani unga unaimeza, umepika skonzi. Ukiona siagi inatokeza, acha, nyunyiza unga hapo, rudisha friji, usijikaze.

5. Sukuma 40 kwa 30, kata miraba ya sentimita 10.

6. Remonce kijiko cha chai kilichojaa katikati, kunja kona nne zikutane.

7. KUBONYEZA. Hapa someni, na msirukie ya 8.
Mara ya kwanza mi nilizikunja vizuri tu, zikapendeza, katikati nikagusa na kidole kama mtu anabisha hodi kwa wakwe, nikaweka jemu kijiko kimejaa ilivyo toka kwenye chupa, nikawasha 200 sababu maelekezo ya oveni yalisema 200. Eafraya ni feni kubwa juu ya kichwa cha mkate, oveni haikupulizii vile. Dakika ya tatu kona zikaanza kuinuka mojamoja, jemu ikachemka ikapita kwenye matundu ya kikapu ikaungulia chini, moshi, king'ora cha moshi kikaanza kulia, saa tano usiku hiyo. Bibi wa chini akapanda na ndala zake, nikajua leo nimepatikana. Akachungulia kwenye kikapu, hata moto hakuuliza, akasema neno moja tu, "tryk", bonyeza. Akashika kimoja kibichi kilichobaki mezani akakandamiza kidole gumba katikati mpaka ukucha ukawa mweupe. Kesho yake nikampelekea sita.
Kwaio: ncha za kona paka yai kidogo ndio zishike, bonyeza na gumba mpaka usikie kibao chini. Na UTABONYEZA TENA baada ya kuumuka, sababu unga ukiumuka unasukuma kona juu. Hiyo mara ya pili ndio wote mnaisahau alafu mnakuja kwangu.

8. Acha ziumuke dakika 45 hadi saa moja, sehemu ya kawaida tu. Usiweke juani, usiweke karibu na jiko, usifunike na blanketi kama mkate wa bibi. Siagi itatoka. Zikinenepa na ukizitikisa zinacheza, tayari. Zile za mzunguko wa pili na wa tatu ziweke friji zikisubiri.

9. Wakati huo jemu ichemshe na kornflawa kijiko kimoja cha chai iliyokorogwa na maji kidogo, dakika 4 au 5, mpaka ukipitisha mwiko njia inabaki inaonekana chini ya sufuria. Ipoe KABISA. Bonyeza katikati (nimesema), weka kijiko kimoja cha chai, sio cha kulia wali. Pembeni paka yai.

10. Washa eafraya tupu 180 dakika 3. Kila kipande na kikaratasi chake kilichokatwa saizi yake, karatasi isibaki pembeni na usiiwashie ikiwa peke yake humo ndani, inapeperuka inagusa nondo ya moto. Vipande 3 au 4, visigusane. 180 dakika 4, alafu shusha 160 dakika 6 hadi 7. Mashine zinatofautiana, kwaio cha kwanza choma kimoja peke yake cha majaribio.

11. Zikipoa, koroga sukari ya aisingi gramu 100 na maji ya moto kijiko kikubwa kimoja, zungushia. Bas.

MASWALI

Mama Rayyan: Dada asante kwa somo, mungu akuzidishie
— Kaka. Amina, karibu.

kijana_wa_tandika: dakika ngapi na moto wa ngapi
— Namba 10.

kijana_wa_tandika: sawa ila naweza tumia majarini maana siagi bei
— Ndugu yangu kuna mstari mzima unasema sio majarini. Majarini ya kopo ile laini ya kupaka mkate inayeyuka ikiona mkono wako tu. Kama siagi ni bei tengeneza nusu ya vipimo.

Shemeji Mkubwa: Nimejaribu somo lako halijafaulu. Zimetoka bapa na mafuta yametapakaa. Ungejaribu kwanza kabla ya kuwapotezea watu unga
— Pole. Ulitumia siagi? Ziliumukia wapi?
Shemeji Mkubwa: siagi nilichanganya na mafuta ya kula kidogo, nikaweka kibarazani jua liwake vizuri ziumuke haraka
— Shemeji, namba 8 imeandika usiweke juani, na mafuta ya kula sijayataja popote. Hilo somo lililofeli sio langu, ni lako. Nimezipika hizi mara nyingi kuliko ninavyopika ugali, na hapo picha zipo.

Bint Kilindini: Kaka swali, kwa nini mara 3? Nikikunja mara 4 nipate tabaka 81 si ndio zitakua nyingi zaidi na laini zaidi?
— Swali zuri hili. Nilijaribu. Ukizidisha, kila tabaka ya siagi inakua nyembamba mno mpaka inachanganyika na unga, hapo mvuke hauna kitu cha kutenganisha, inatoka kama mkate mtamu, sio mbaya ila haina zile karatasi zinazovunjika. Ukikunja mara 2 tu tabaka zinakua nene, siagi inavuja kwenye kikapu. 27 ndio waokaji wa huku wanayotumia sana. Ukitaka kujua umepatia, kata kimoja kibichi ubavuni na kisu kikali, utaona mistari ya njano na nyeupe. Ukiona rangi moja, ishakua skonzi.
Bint Kilindini: Ahaa! Na Mombasa joto hili siagi itakaaje?
— Fanya alfajiri au usiku. Kibao na kifimbo viweke friza kwanza, na usikate tamaa kuirudisha friji hata katikati ya kusukuma. Mi huku mwezi wa kwanza naweka donge dirishani nje, friji ya bure, nyie hamna bahati hiyo. Friji dakika 30 kwenu fanya 45.

Abu Salim Muscat: Sisi AC 18 inafanya kazi nzuri, sukuma chumbani sio jikoni. Mke wangu anasukumia juu ya sinia la chuma lililotoka friji
— Sinia la friji hilo nalichukua, ahsante sana Abu Salim.

Mwl. Neema: Raspberi huku hakuna na jemu yake duka moja tu bei ya mlima. Nitumie nini?
— Raspberi ni chachu, ndio kazi yake, inakata siagi na aisingi. Tafuta kitu kichachu. Rozela inafaa kuliko zote, chemsha maua yake na sukari mpaka inakamata, rangi nayo ni ileile. Embe peke yake ni tamu sana, kamulia ndimu. Nanasi lina maji, ichemshe zaidi ya nilivyoandika. Jemu ya stroberi ya dukani pia tia ndimu.
Mwl. Neema: Rozela ninayo ya kufanyia juisi! Kesho naleta picha

tall_boy: mtoto wangu hali karanga itakuaje
— Lozi sio karanga ila usibahatishe. Toa lozi, weka siagi na sukari tu, bekari nyingi huku remonce yao ndio hiyo.

kijana_wa_tandika: kaka mi sina friji
— Kwa hiyo wewe pika mandazi, tia iliki, pasua weka jemu. Sikutanii, ni tamu, hata mi nafanya nikiwa na haraka.

Bint Kilindini: Kaka samahani natoka nje ya mada. Niliona picha ya vitu vya huko vya mviringo vinapikwa kwenye chuma kama cha vitumbua, vinaliwa na jemu. Ndio hizi hizi?
— Hizo ni æbleskiver, za Desemba, na chuma ni kilekile cha vitumbua, nimenunua cha huku nikakuta hakina tofauti na cha mama. Ila uji wake ni unga wa ngano, maziwa ya mtindi, mayai, iliki, na ute mweupe wa yai unapigwa peke yake mpaka unasimama alafu unaingizwa taratibu mwishoni. Jemu haimo ndani, unachovya, na sukari ya unga juu. Eafraya hapana, uji utapita kwenye matundu, weka chuma jikoni moto mdogo na siagi kidogo kila shimo.
Bint Kilindini: Na kugeuza wanageuzaje?
— Hawa wanatumia sindano ya kufumia sweta. Robo kwanza, sio yote, uji uliobaki katikati umwagikie chini ndio upate duara. Mama yangu anageuzia spoki ya baiskeli na anamaliza shimo saba kabla sindano ya bibi wa chini haijatoka kwenye droo.