Kutoa uchafu kwenye sarafu za madini ya fedha bila kuziharibu

Kwanza itazame sarafu kwa lenzi. Weusi laini, au rangi ya bluu na dhahabu inayozunguka ukingoni, si uchafu: ni salfaidi ya fedha (utando mwembamba wa fedha iliyoungana na salfa), na wakusanyaji wengi huipenda. Iache. Mimi hushughulika tu na vumbi, mafuta ya vidole na ule ute wa kijani unaotokana na mifuko ya PVC, aina ya plastiki.

Ishike kwa ukingo. Iloweke usiku kucha kwenye maji yaliyotoneshwa (yaliyosafishwa kwa kugeuzwa mvuke na kupozwa), yasiyo na klorini. Usisugue! Dawa ya meno na magadi huacha mikwaruzo isiyofutika, na mnunuzi mzoefu huiona papo hapo akiigeuzageuza sarafu kwenye mwanga.

Mafuta na ute huhitaji asetoni safi, kimiminika kinachoyeyusha mafuta (dawa ya kutolea rangi ya kucha huwa na manukato, haifai). Tumia bakuli la glasi, madirisha yawe wazi, moto uwe mbali. Baada ya dakika chache isuuze kwa asetoni mpya, maana ile ya kwanza ikikauka hurudisha mafuta yaleyale. Ikaushe kwa kuigandamiza taratibu na kitambaa laini cha pamba. Dawa za kung'arisha zenye asidi sizigusi kabisa: hula fedha yenyewe, na mng'ao wa asili haurudi.